John Huston, mutu wa sinema aliyejua bei ya dhahabu

Wazee wetu wa kambi za Union Minière waliangalia sinema inje, usiku, kitambaa cheupe kimefungwa na watoto wamekaa chini mu bulongo. Siku ya pili watoto walicheza tena ile filme mu njia za kambi, mumoja cowboy, mumoja mwizi. Sura za wachezaji walizishika. Lakini jina la ule mutu anasimama nyuma ya kamera, anayeamua nani afe na nani apone, ni wachache sana walilijua.

Leo tuzungumze juu ya mumoja wao, Mumarekani John Huston. Tumemuchagua juu ya mambo mawili. Ya kwanza, alitengeneza filme moja juu ya wachimbaji, na mutu yeyote aliyeingia mu shimo ataona kama ule muzungu alifahamu. Ya pili, alikuja kufanya kazi hapa kwetu Congo, mu mwaka 1951, karibu na muto wetu Lualaba.

Mutoto wa kitanda

Huston alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 ku Nevada, muji mudogo wa jimbo la Missouri. Baba yake, Walter Huston, alikuwa muchezaji wa tiatro. Wakati fulani aliacha tiatro na kufanya kazi ya mashini za umeme na mayi juu ya kulisha jamaa, kiisha akarudia kazi aliyoipenda. Mama yake, Rhea Gore, aliandika mu magazeti. Wazazi waliachana wakati mutoto angali mudogo. Basi akalelewa njiani: muda kidogo na mama, ku hoteli na ku mashindano ya farasi, muda kidogo na baba, nyuma ya pazia la tiatro.

Alikuwa mutoto mugonjwa. Minganga walisema moyo wake ni mukubwa kupita kiasi na mafigo yake ni mabaya, wakamulazimisha kukaa ku kitanda. Yeye mwenyewe alisimulia, wakati alikuwa mukubwa, kama usiku alikuwa anatoroka, anaingia mu mayi ya muto na kuacha maporomoko yamubebe mpaka chini. Kiisha akapona. Tangu pale hakuamini tena mutu anayemwambia akae kimya.

Masomo ya sekondari hakuyamaliza. Alipiga ngumi mu mashindano ya vijana mpaka pua ikavunjika. Alienda Mexico, akapanda farasi pamoja na askari wa kule. Aliandika hadithi, akachora picha. Mu miaka ya 1930 aliingia Hollywood kama muandikaji.

Hapa tuseme ukweli wote, juu mutu akishakufa haifai kumupaka rangi. Mu mwaka 1933 aligonga mwanamuke mumoja na gari, akamuua. Tribinali ilisema hana kosa, lakini yeye mwenyewe alivunjika. Alienda London, akakosa kazi, akakosa feza, akalala mu bustani za muji pamoja na watu wasio na nyumba. Alibakia na ule uzito. Filme zake karibu zote ziko na watu waliopoteza kintu na wanaotafuta namna ya kusimama tena.

1941

Aliporudi Marekani, kampani ya Warner ilimupa kazi ya kuandika. Aliandika vizuri, wakubwa wakapata faida, naye akawalomba wamuache atengeneze filme yake mwenyewe. Walikubali. Mu Oktoba 1941 ikatoka Le Faucon maltais, na muchezaji mukubwa ndani yake alikuwa Humphrey Bogart. Ni hadithi ya watu wanaofukuzana juu ya sanamu ya ndege, wanayoamini ni ya dhahabu na mawe ya bei. Wanadanganyana, wanauana, na ku mwisho wanakwangua rangi na kukuta risasi tupu. Mbele ya kuanza kazi Huston alikuwa amechora kila picha ku karatasi, sawa vile enjenia anachora mugodi mbele ya kuchimba. Kwa hiyo hakupoteza siku wala feza. Filme ilimutia mara moja kati ya wakubwa wa ile kazi.

Sisi wa Lubumbashi mwaka 1941 tunaukumbuka kwa kintu kingine. Tarehe 9 Desemba ya ule mwaka, hapa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliolomba mushahara uongezwe walipigwa risasi na askari ku uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina lao, alikufa pale pamoja na wengine wengi. Vita vya wazungu vililomba shaba yetu, na ule anayeitoa mu bulongo hakuweza kulomba kintu.

Huston naye aliitwa mu jeshi. Alipewa kamera na kuambiwa atengeneze filme za kutia watu moyo. Alienda ku visiwa vya Aleutians, kiisha Italia, ku kijiji San Pietro. Ile filme ya San Pietro ilionyesha askari wakizungumza, kiisha maiti zao zikifungwa mu mifuko. Wakubwa wa jeshi hawakuipenda, walisema inapiga vita yenyewe.

Ya mwisho ilikuwa Que la lumière soit, ya mwaka 1946. Huston aliingia mu hospitali ya jeshi karibu na New York, akakuta vijana wasio na kidonda ku mwili: mumoja hawezi kutembea, mumoja hawezi kusema jina lake, mumoja analia tu. Vita viliwavunja ndani. Aliwaonyesha bila haya na bila kuwacheka, waeupe na waeusi mu chumba kimoja. Jeshi likafungia ile filme mu kabati zaidi ya miaka 30. Watu wote waliruhusiwa kuiona paka ku mwanzo wa miaka ya 1980. Mwenye kuwa na ndugu aliyetoka mu shimo lililoanguka, na ambaye tangu ile siku hasemi tena vizuri, anajua Huston alikuwa anaonyesha nini.

Dhahabu ya Mexico

Sasa tufike ku filme yetu, Le Trésor de la Sierra Madre. Huston aliitengeneza mu 1947, sehemu kubwa kule Mexico kwenyewe, na ilitoka mu 1948. Aliitoa mu kitabu cha B. Traven, muandikaji aliyeficha jina lake la kweli maisha yote.

Wamarekani wawili, Dobbs na Curtin, wako Tampico bila kazi, wanalomba watu makuta ya kula. Bosi mumoja anawachukua juu ya kujenga mitambo ya mafuta. Wanafanya kazi mu jua kali, wanamaliza, na ule bosi anapotea na mushahara wao. Siku moja wanamukuta mu baa. Anajaribu kuwanywesha, kiisha anawapiga. Wanapigana mpaka wanamushinda. Na hapa angalia vizuri: Dobbs anafungua mufuko wa feza wa bosi, anahesabu paka ile wanayodai, na ingine anaiacha.

Mu kazi ya sendika nimekaa mara mingi na watu waliomaliza mwezi mitatu bila mushahara kwa sous-traitant fulani, na ku mwisho ofisi imefungwa na namba ya telefone haiiti tena. Siwaambii mupige mutu mu baa. Lakini ile hesabu ya Dobbs njo tunalomba kila siku ku meza ya mazungumzo: haki yetu, bila kuongeza na bila kupunguza.

Mu nyumba ya kulala masikini, wale wawili wanamusikiliza muzee Howard. Huyu amechimba dhahabu fasi mingi za dunia. Anawaeleza kwa nini dhahabu iko bei. Anasema, kwa maneno yake, kama watu elfu moja wanaenda kutafuta, na kiisha miezi sita mumoja tu anapata. Basi ile dhahabu ya mumoja imebeba ndani yake jasho la wale wengine 999 waliorudi mikono mitupu. Mimi sijaona profesa aliyeeleza bei ya madini vizuri kupita ule muzee. Wakati mufuko wa heterogénite unawekwa ku mizani ya muuzi, anapima jiwe. Mashimo yote yaliyochimbwa bila kutoa kintu, hayaingii mu ile mizani.

Wanapanda mulima watatu, wanapata. Mwanzoni wanapendana. Kiisha, dhahabu inavyoongezeka, Dobbs anaanza kuongopa wenzake. Kila mutu anaficha fungu lake, anaamuka usiku kuangalia kama lingali pale. Siku moja shimo linamuangukia Dobbs. Curtin anafika ku mulango wa shimo, anageuka, anaanza kwenda. Anasimama. Na sisi tunaoangalia tunajua anawaza nini: mukiwa wawili, fungu linakuwa kubwa. Kiisha anarudi, anaingia, anamutoa mwenzake. Sinema nzima imekaa mu zile sekonde chache. Wachimbaji wa Kolwezi na Kambove wanajua ule mulango wa shimo. Kuko walioingia kutoa ndugu na hawakutoka tena, na hakuna aliyewaandika mu gazeti.

Kintu kingine ambacho wengi hawakioni: mbele ya kushuka, muzee Howard anawalomba wafunge mashimo na kurudisha mulima vile ulikuwa. Kwake, mulima umewapa, wao wameuumiza, ni lazima wafunge kile kidonda. Ule ni muchimbaji masikini anasema vile, na hakuna sheria inayomulazimisha. Angalieni terrils zetu, angalieni mayi ya mito yetu, kiisha mulize nani kati ya wakubwa wenye mashini kubwa aliisikia ile sehemu ya filme.

Dobbs, akili zikishamuharibika, anapiga Curtin risasi na kukimbia na mali yote, lakini Curtin hakufa. Wezi wa njia wanamuua Dobbs. Wanafungua mifuko, wanazani ni muchanga tu uliowekwa juu ya kuongeza uzito wa ngozi, wanaumwanga. Upepo unabeba dhahabu yote, unairudisha ku mulima ilikotoka. Muzee Howard, akifika na kuona, anacheka mpaka anaanguka.

Ule muzee alichezwa na Walter, baba wa Huston mwenyewe. Mu 1949 wote wawili walipata Oscar ku ile filme moja: mutoto mbili, ya kuongoza na ya kuandika, baba moja. Mwaka uliofuata Walter alikufa.

Kusimama na kukimbia

Mu ile miaka serikali ya Marekani ilianza kutafuta wakomunisti kila fasi, mu sendika, mu shule na mu sinema. Watu wa sinema waliitwa mbele ya kamati ya bunge ku Washington, waseme wao ni nani na wataje wenzao. Mu 1947 Huston, pamoja na William Wyler na Philip Dunne, waliunda chama cha kutetea haki ya mutu ya kuwaza na kusema. Yeye hakuwa mukomunisti. Walipanda ndege pamoja na Bogart na wengine, wakaenda mpaka Washington.

Haikuchukua muda, woga ukashinda. Kumi walikataa kujibu, wakafungwa jela. Wakubwa wa kampani za filme wakatengeneza liste ya watu wasiopewa kazi. Bogart mwenyewe aliandika mu gazeti kama ile safari ilikuwa kosa. Mwenye amewahi kupanga grève anaijua hii hadithi: siku ya kwanza mukutano umejaa, siku ya nne munahesabiana ku vidole. Huston hakuwatukana waliorudi nyuma. Lakini ile nchi ilimuchosha, na kiisha 1952 aliikalia Ireland, mpaka mu 1964 akachukua uraia wa kule.

Ku Biondo

Mbele ya kuhamia Ireland, alikuja kwetu. Kitabu cha Muingereza C. S. Forester, cha mwaka 1935, kinasimulia mwanaume mulevi na dada wa misheni wanaoshuka muto na mashua ya mvuke, juu ya kuzamisha masua ya vita ya Wadachi ku ziwa. Huston alikataa kuitengenezea yote London. Alitembea mingi, akachagua muto mudogo Ruiki, karibu na Ponthierville, ile leo inaitwa Ubundu. Ruiki inaingia mu Lualaba, ile ile inayopita karibu na Kolwezi na Bukama.

Ku kijiji Biondo, mikono ya Wacongo ilijenga kambi nzima kwa mianzi na majani. Bogart alikuja na bibi yake Lauren Bacall, na Katharine Hepburn akacheza dada wa misheni. Mashua ilizama, ikabidi kuitoa mu mayi kwa nguvu za mikono. Siafu waliingia mu kambi. Watu waliugua kuhara na malaria. Hepburn, aliyekunywa mayi juu ya kuwaaibisha walevi, njo alipata ugonjwa mubaya. Bogart na Huston, waliokunywa whisky tu, hawakuugua. Musichukue hii kama dawa. Kutoka Congo walienda Uganda, ku Butiaba na ku maporomoko ya Murchison, kiisha wakamalizia London.

L'Odyssée de l'African Queen ilimupa Bogart Oscar yake moja tu. Majina ya Wacongo waliojenga, waliobeba na waliovuta kamba hayajaandikwa ku ile filme. Na mu ile miaka sheria ya wakoloni ilichagua filme gani mutu mweusi anaruhusiwa kuona.

Kuko jambo lingine ambalo watu wa Fungurume wanapaswa kulijua. Ile hadithi ya Forester imefanana na mambo ya kweli. Mu 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town, zikapita hapa Élisabethville mpaka Fungurume, pale njia ya chuma ilikuwa inaishia. Kutoka pale zilivutwa zaidi ya kilomita 200, kupanda milima ya Mitumba, kwa mashini za mvuke, kwa ngombe, na kwa mamia ya wafanyakazi weusi waliokata pori na kujenga vilalo. Zilifika ku njia ya chuma ya Sankisia, kiisha Bukama, zikashuka Lualaba, mpaka ziwa Tanganyika. Kule zilishinda mashua za Wadachi. Masua yao kubwa, Graf von Götzen, Wadachi waliizamisha wenyewe mu 1916. Waingereza waliitoa mu mayi na kuiita Liemba. Basi ile sinema ya Hollywood ilianzia mu bulongo yetu, ku mabega ya wazee wetu.

Tembo

Haya nayo tuyaseme. Mu Afrika Huston alikuwa na hamu kubwa ya kupiga tembo, mpaka mara ingine kazi ilimungojea wakati yeye iko mu pori na bunduki. Peter Viertel, aliyesaidia kuandika ile filme, alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Huston alisema hakuua tembo hata mumoja. Mu 1958 akarudi Afrika, ku Fort-Archambault mu Tchad na fasi zingine, kutengeneza Les Racines du ciel, hadithi ya mutu anayepigana juu tembo wasiuawe. Joto na magonjwa vilimaliza watu, na filme haikuwa nzuri sana. Lakini ni mara chache mutu anarudi ku fasi aliyokosea na kusema kinyume.

Pumzi

Alitengeneza filme zingine mingi, nzuri na mbaya, juu alipenda farasi, karata na wanawake, aliowa mara tano, na madeni hayakumuacha. Les Désaxés, ya 1961, ilikuwa filme ya mwisho ya Clark Gable, na ya mwisho Marilyn Monroe aliyoimaliza. Mu 1972 alionyesha wapiga ngumi masikini wa California, watu aliowajua tangu ujana. Mu 1975 ikatoka L'Homme qui voulut être roi, iliyopigwa Maroc. Mu L'Honneur des Prizzi, ya 1985, binti yake Anjelica alipata Oscar. Vile baba, mutoto na mujukuu wote walipewa, na yeye njo aliongoza wawili hao.

Sigara zilikuwa zimeharibu mapafu yake. Filme ya mwisho, Gens de Dublin, aliiongoza ku kiti cha magurudumu, bomba la oksijeni mu pua, pumzi fupi, sauti ndogo. Kijana wake Tony aliandika senario, Anjelica alicheza. Ni hadithi ya karamu ya jioni, na bibi anayekumbuka kijana aliyekufa zamani. Huston alikufa tarehe 28 Agosti 1987, mu jimbo la Rhode Island, na miaka 81, mbele ile filme haijaonyeshwa mu masinema.

Mu nyumba zetu pia kuko wazee wanaolala wamekaa juu pumzi haitoshi. Wao hawakuvuta sigara za Cuba, walivuta vumbi la kazi. Siku kijana ataleta Le Trésor de la Sierra Madre mu telefone yake, kaeni nao, muangalie pamoja. Ikifika pale Curtin anasimama ku mulango wa shimo, simamisheni kidogo. Mulize muzee kama aliwahi kusimama fasi kama ile, na muache asimulie.